Mzee Kazidiwa

Ujumbe uliingia saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, majira ambayo mtu wa Iringa hatoi mkono nje ya blanketi bila sababu ya maana: "Kaka shikamoo. Mzee kazidiwa. Njoo, na ukiweza njoo na watu."

Mzee ni baba yangu mkubwa. Anaishi Isyonje, kule milima ya Uporoto, mkoani Mbeya, na umri wake ni ule ambao ndugu wakiona simu yake alfajiri hukaa kitako kwanza ndipo wapokee. Kwetu mgonjwa huanza kwa kujisikia vibaya, kisha anaumwa, kisha analazwa. Akishazidiwa, watu huanza kuulizana nani ana turubai. Na hilo la "njoo na watu" lilinimaliza kabisa. Nikapiga simu, haipatikani.

Nikampigia afisa utumishi wetu. "Nimeuguliwa," nikasema, "naomba ruhusa niende Mbeya."

Shuleni mwalimu wa Kiingereza alituchosha na maneno yao ya ugonjwa: hili la kuumwa tu, hili la maradhi yenye jina lake, na jingine ambalo ukilitumia vibaya mbele ya Mwingereza anakuletea ndoo utapikie. Niliwaonea huruma. Kumbe mtego wetu sisi umejificha kwenye mkia wa kitenzi. Anayeugua ni mgonjwa mwenyewe. Anayeuguza ndiye anayekesha pembeni na uji. Aliyeuguliwa ni mzima wa afya, ila ana mgonjwa wake. Aliyekufa tunamzika; aliyefiwa tunampa pole, na wiki ijayo tunamdai deni letu kama kawaida.

Afisa alisikia "naugua". Akaniambia nisisahau kuleta ED kutoka kwa daktari, na kwamba nisiwe na hofu, kwani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inanipa siku 126 za kuugua katika miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 za pili kwa nusu. Nikamsahihisha: mgonjwa si mimi, ni baba mkubwa. Nikasikia karatasi zikipekuliwa. Sheria hiyohiyo inatoa siku nne kwa mfanyakazi aliyeuguliwa na mtoto wake. Mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka na dada wamo pia, lakini hao ni mpaka wafe. Baba mkubwa hakutajwa, awe mgonjwa au marehemu.

"Ameshafariki?" akauliza, kwa nia njema kabisa.

"Bado."

"Basi nenda, tutazungumza."

Ile "bado" yangu haikufika kwa mhasibu. Basi lilipopita Mafinga, grupu la ofisi lilikuwa limejaa pole za msiba. Tulipofika Makambako, abiria wakashuka kuchimba dawa, nami nikapokea rambirambi kwa simu: shilingi 87,000. Nikaandika haraka, "Asanteni sana, ila hajafa." Mwenzangu mmoja akajibu, "Ni kweli kaka. Wapendwa wetu hawafi, wanaishi mioyoni mwetu." Wengine kumi na wawili wakaandika Amina.

Nikashuka Uyole, nikadandia Hiace ya Tukuyu. Isyonje nilipokelewa na ukungu. Nyumbani kwa baba mkubwa hapakuwa na turubai, wala benchi, wala kilio. Nyuma ya nyumba nikamkuta marehemu kasimama juu ya gunia la viazi, anarukaruka ili kiingie kiazi kimoja zaidi kwenye lumbesa, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja, nimezidiwa!" Akanionyesha shamba zima la viazi vilivyokwisha kuchimbwa na kutapakaa juu ya udongo. Lori la Dar lilikuwa linakuja alfajiri, na vibarua wake wote walikuwa wamekwenda msibani, msiba wa kweli, kijiji cha pili. Kisha akanitazama vizuri. "Na hilo koti jeusi, unamzika nani?"

Nikalivua. Nilibeba magunia mpaka saa sita usiku, nikimulikiwa na tochi ya simu, na yule mdogo wangu aliyetuma ujumbe akiniambia kila baada ya gunia, "Pole, kaka." Mzee yeye alisema "ndaga". Kwa Kinyakyusa neno hilo ni asante na ni pole pia, na kwa hali yangu yote mawili yalihusika.

Jumatatu niliingia ofisini nimepinda kama jembe la ng'ombe. Watu wakasimama kunipisha. "Huyu alimpenda sana mzee wake," mmoja akanong'ona. Daktari akaniuliza niliumia wapi, nikajibu bila kufikiri, "Msibani." Akaniandikia ED ya siku tatu, na ndiyo karatasi pekee ya kweli katika habari hii yote.

Nilijaribu kurudisha zile 87,000. Mhasibu akarudi nyuma hatua mbili: rambirambi hairudishwi, kuirudisha ni kuita mkosi. Nikamsimulia baba mkubwa kwenye simu, nikitegemea atacheka. Hakucheka. "Hiyo hela ni yangu," akasema. "Aliyekufa ni mimi." Nikamtumia, na ya kutolea juu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku ukimwandikia mtu aliye mbali, usimwachie neno "kazidiwa" likiwa peke yake njiani. Mwambie kazidiwa na nini. "Na viazi" ni herufi saba tu.