Misingi ya Elimu ya Kufuatilia Wimbi, kwa Mujibu wa Mtaalamu

Kufuatilia wimbi la korona ni elimu yenye maswali mawili: watu wangapi wameambukizwa mahali fulani, na hospitali za mahali hapo zinaweza kuwapokea wangapi. Tanzu zake ni nyingi na Mtaalamu amebobea katika zote. Nchini Kenya elimu hii ilizaliwa tarehe 13 Machi 2020, kisa cha kwanza kilipotangazwa. Mtaalamu alihitimu tarehe 14. Kabla ya hapo alikuwa bingwa wa kubashiri matokeo ya kandanda, fani ambayo, kama wanafunzi wake wanavyokumbushwa mara kwa mara, ina hesabu ngumu kuliko za Wizara ya Afya. Wanafunzi wenyewe ni wakazi wa mtaa mmoja wa Nairobi waliojiunga na kundi la WhatsApp ili wajulishane maji yakikatika.

Kifaa kikuu cha fani ni jedwali la kompyuta. La Mtaalamu lina rangi kumi na moja, na ya zambarau imetengwa kwa ajili ya jambo ambalo bado halijatokea. Takwimu zilizojaza jedwali hilo zilitoka katika taarifa ya kila siku ya wizara, ambayo kila mwenye redio alikuwa ameshaisikia. Mtaalamu aliinakili, akaipaka rangi, kisha akaitoa usiku ikiwa na jina lake chini yake na onyo kali dhidi ya wanaonakili kazi za watu.

Idadi ya visa vipya haina maana mpaka ijulikane ni sampuli ngapi zilizopimwa. Visa 1,000 katika sampuli 5,000 ni asilimia 20. Visa 600 katika sampuli 2,400 ni asilimia 25, na hali imekuwa mbaya zaidi ingawa nambari imeshuka. Katika mazingira kama hayo Mtaalamu hutangaza ushindi. Machi 2021, kiwango cha maambukizi nchini kilipokuwa kimepanda kutoka takriban asilimia 2 mwezi Januari hadi 22, alitoa mhadhara wa sauti wa dakika arobaini kuthibitisha kuwa wimbi la tatu limevunjika mgongo. Ushahidi wake ulikuwa nambari za siku moja, nazo za Jumapili, siku ambayo sampuli chache hufika maabara. Tarehe 26 ya mwezi huohuo Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zilifungwa, watu wasiingie wala kutoka. Mtaalamu alieleza kuwa serikali haikuusikiliza mhadhara hadi mwisho.

Hata kipimo kizuri huona sehemu ndogo tu ya ugonjwa. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao walipopima damu ya wachangiaji kati ya Aprili na Juni 2020, walikadiria kuwa asilimia 4.3 ya watu walikwishapata kingamwili dhidi ya virusi hivyo, yaani zaidi ya watu milioni moja. Visa vilivyothibitishwa hadi mwisho wa Juni havikufika 7,000. Mtaalamu alikuwa akitoa wastani wake wa siku hizohizo kwa desimali nne, na desimali hizo anazitetea hadi leo.

Utanzu wa pili, yaani uwezo wa hospitali, ndio unaoonyesha kipaji chake kikamilifu. Katikati ya mwaka 2020 kila kaunti iliagizwa iandae vitanda 300 vya kuwatenga wagonjwa. Mtaalamu alizidisha kwa kaunti 47, akapata 14,100, akaandika chini yake: "Nafasi tele." Mbinu hii ina faida kwamba haihitaji kutembelea hospitali yoyote. Upungufu wake ni kwamba kitanda cha kumtenga mtu mwenye kikohozi si kitanda cha mgonjwa mahututi. Utafiti wa mwaka huo ulihesabu vitanda vya wagonjwa mahututi 537 na mashine 256 za kusaidia kupumua katika nchi nzima, hospitali za umma na za binafsi pamoja, na zaidi ya nusu ya kaunti hazikuwa na chumba hata kimoja cha wagonjwa mahututi. Tena kitanda hakimhudumii mtu peke yake. Kinahitaji oksijeni isiyokatika na wauguzi waliofunzwa, usiku na mchana. Jedwali halina safu ya wauguzi. Nafasi yake ilichukuliwa na picha ya Mtaalamu akiwa amevaa tai.

Muuguzi mmoja alikuwamo kundini, jirani wa ghorofa ya pili. Aliwahi kuandika kwamba wodi yake imejaa na wagonjwa wawili wanasubiri kwenye viti. Mtaalamu alimjibu kwa adabu kuwa hayo ni masimulizi, si takwimu, akamshauri ahudhurie mihadhara. Shemeji yake Mtaalamu alipobanwa na pumzi mwezi Aprili, aliyepigiwa simu saa nane za usiku kuulizwa kitanda kiko wapi alikuwa muuguzi huyo. Kilipatikana Thika. Mtaalamu alikiingiza katika jedwali kama nafasi tupu.

Kuhusu utabiri, wagonjwa hufika hospitali wiki moja au zaidi baada ya kuambukizwa, kwa hiyo wodi huendelea kujaa hata visa vinapoanza kupungua. Mtaalamu huita jambo hili uzembe wa wagonjwa. Kaunti zile tano zilifunguliwa tarehe 1 Mei 2021, naye akafunga jedwali rasmi na kupokea pongezi, nyingi zikitoka kwa namba yake ya pili. Mwezi uliofuata aina ya virusi iitwayo Delta ilijaza hospitali za Kisumu na eneo zima la Ziwa Victoria, na kaunti 13 zikawekewa kafyu ya kuanzia saa moja jioni. Alipoulizwa, alijibu kwamba Kisumu haimo katika mtaala.