Mwongozo wa Kushona Kwilti Bila Ramani na Bila Lawama

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeamua, kwa akili zake timamu, kukata vitambaa vizima vipande vipande ili aviunge tena. Kwilti ya kawaida ina ramani: unapima, unakata miraba iliyolingana, unafuata mchoro, na mambo yakiharibika unamtukana aliyechora. Kwilti ya kubuni papo hapo haina mchoro wala mchoraji. Ndiyo maana wanaoishona huitwa wasanii, na ndiyo maana wana presha. Bahati nzuri, kwa mkazi wa Kwale, kuanzia Diani hadi Msambweni, wa kutupiwa lawama hawakosekani. Fuata hatua hizi.

1. Tafuta vitambaa, ikiwezekana vya wenzako

Pita kwa mafundi cherehani wa Ukunda ujaze mfuko vipande vinavyobaki chini ya mashine: kitenge, kikoi, sare za shule, bitana ya koti la bwana harusi. Ukitaka leso mpya, vuka Likoni au zunguka Dongo Kundu uende Biashara Street, Mombasa, mtaa wa Kaderdina Hajee Essak na chapa yao ya Mali ya Abdulla, walio kazini tangu 1887. Ila angalia usijaze kabati. Mwenye vitambaa vingi hukaa akivitazama.

Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama kilichozungukwa na mto pande tatu, walishona kwa suruali za shamba zilizochakaa magotini na kwa magunia. Mwaka 1962, watu weusi walipokuwa wanadai haki ya kupiga kura, kivuko chao cha kwendea mjini kiliondolewa. Kilirudi 2006, baada ya miaka 44. (Anayelalamikia foleni ya Likoni aisome tena sentensi hiyo.) Kwilti zao zilitundikwa katika majumba ya makumbusho ya Houston na New York mwaka 2002, na mwaka 2006 zikachapwa kwenye stempu za Marekani. Funzo la heshima ni kwamba uhaba nao hufundisha. Funzo la matumizi ni hili: ukiulizwa kwa nini kwilti yako yote ni rangi ya sare ya shule, usiseme ndicho kilichokuwepo. Sema ulijizuia.

2. Kata leso, kisha jiandae kuhama

Leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Ukubwa wake wa takriban sentimita 150 kwa 110 unakutosha kufanya makosa mengi. Kisutu cha mama, leso yake ya harusi, hakikatwi. Hiyo si kanuni ya sanaa, ni ya usalama.

Jina ndilo lenye hatari. Chukua leso mbili, moja imeandikwa "Subira huvuta heri" na nyingine "Hasidi hana sababu". Zikate katikati, uziunge kwa kubuni papo hapo, bila kusoma, kwa sababu wewe ni msanii na msanii huangalia rangi. Utapata "Hasidi huvuta heri", ambayo ni kashfa kwa dini zote, na "Subira hana sababu", ambayo ni sawa mpaka uianike uani na jirani yako awe anaitwa Subira. Hapo utaelewa kwamba pwani hii leso husomwa kwanza, ndipo ikatazamwa.

Tafuta pia weusi wa kupumzisha macho. Weusi bora ni kaniki, nguo nyeusi kama ile ambayo mgeni hufungwa kiunoni kabla ya kuingia Kaya Kinondo, msitu ulio katika urithi wa dunia tangu 2008. Kitambaa kinachoweza kumnyamazisha mtalii kitashindwaje na kitenge chako cha rangi ya chungwa?

3. Panga kwenye mkeka

Washonaji wa nchi za baridi hubandika vipande ukutani, kwenye kitambaa chenye manyoya kinachovishika bila pini. Wewe tandika mkeka barazani. Panga kwa saa nzima, geuza, rudisha, kisha ingia jikoni ukaangalie wali. Ukirudi, kaskazi itakuwa imehamisha nusu ya kazi, kuku atakuwa amepita katikati, na kama unakaa Diani, tumbili atakuwa ameondoka na kipande cha njano ulichokuwa umekijengea kila kitu.

Usipige kelele. Kaza macho mpaka uone ukungu tu, au piga picha kwa simu na uigeuze nyeusi na nyeupe. Rangi zikishaondoka, hubaki mwanga na giza, na hivyo ndivyo vinavyobeba kwilti. Wengi hugundua hapo kwamba rangi zao kumi na mbili zilikuwa kijivu kimoja. Wachache hugundua kwamba kuku alipanga vizuri zaidi. Hao wachache wanyamaze.

4. Kata mstari wa kupinda bila rula

Hii ni mbinu ya kweli, isikilize. Laza vitambaa viwili, uso juu, ukingo wa kimoja uwe juu ya ukingo wa kingine kwa upana wa kiganja. Kata vyote viwili kwa pamoja, mkato mmoja wa kupinda taratibu. Ondoa vipande vyembamba vilivyokatika, cha juu na cha chini. Kingo zilizobaki zinalingana kwa sababu zimezaliwa na mkato mmoja. Zigeuze uso kwa uso, anza upande mmoja, shona robo inchi kutoka ukingoni, ukivuta kidogo kidogo, kisha piga pasi.

Ukiwa umeunganisha leso nyepesi na kitenge kizito, kimoja kitavuta na kingine kitalegea, na kazi itavimba katikati kama chapati. Mpelekee fundi. Mazungumzo yatakuwa hivi:

"Mama, mbona hii imekwenda upande?"

"Ndivyo inavyotakiwa, fundi."

"Inatakiwa na nani?"

Swali hilo halina jibu. Lipa, shukuru, uondoke.

5. Ichukie

Hatua hii haihitaji maandalizi, itakujia yenyewe. Jana usiku ulikuwa umeona kitu ambacho hakijapata kuonekana Afrika Mashariki. Asubuhi, kwenye mwanga wa kweli, unaona pazia la choo cha hoteli iliyofungwa. Utatamani kufumua. Usifumue. Kufumua ni kurudi nyuma ukiwa na matumaini, na matumaini yanachelewesha.

Dawa yake ni mkasi. Ikate kazi yote vipande viwili, upande mmoja uugeuze juu chini, uunge upya. Utaumia pale mkasi utakapopita kwenye kona unayoipenda, ile uliyoitumia wenzako kwa simu. Ipite hiyohiyo. Kwa siku nyingi vitambaa vingine vyote vilikuwa vinapangwa ili kona hiyo isisumbuliwe, ndiyo maana vyote vilikuwa vimenuna. Mwenye mchoro hawezi kufanya hivi, mchoro utamgombeza. Wewe huna wa kukugombeza, na hilo ndilo jambo la kutisha katika kazi yote hii.

6. Jua imeisha

Kwilti ya kubuni inakua kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo haina mwisho ila ukuta wa nyumba. Ndugu zetu Wasidi wa Karnataka, India, wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi karne zilizopita, walilimaliza tatizo hili zamani. Kwilti yao, kawandi, huanzia pembeni. Mshonaji hupachika vipande vya nguo kuukuu akizunguka ukingo, duru baada ya duru, akitunga mishono mirefu inayoonekana, mpaka anafika katikati. Kati ikijaa, kazi imekwisha. Bado hana mchoro, bado anaamua kila kipande papo hapo, lakini anajua atalala lini. Kwenye pembe hutia vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, phula, yaani maua. Bila hivyo husema kwilti iko uchi.

Wewe uliyeanza katikati, kanuni yako ni moja: imeisha siku watu wa nyumbani watakapoacha kuuliza imeisha lini.

7. Jaza, funga, toa jasho

Kwilti ina matabaka matatu, na la kati ni la kuleta joto. Utaulizwa: joto la nini, Msambweni? Jibu kwamba ni sanaa ya ukutani, ukuta nao husikia baridi. Weka blanketi kuukuu katikati, piga bandi mistari mirefu ili visihamehame, kisha tunga kwa mkono kutoka katikati kwenda nje. Sindano zitashika kutu kwa chumvi ya bahari. Zichome kwenye kipande cha sabuni. Pindo la leso litumie kuwa pindo la kwilti, maana limezoea kazi hiyo.

Na ulipaswa kufua kila kitambaa kabla ya kukikata. Mwongozo ungelitaja mapema, lakini usingesikiliza. Nyekundu ikichujia nyeupe, eleza kwamba ni machweo.

8. Ipe jina, kisha bei

Kwa kuwa ni ya leso, haiwezi kukaa bila jina. Chagua msemo unaomziba mdomo mkosoaji kabla hajaufungua. Maduka ya leso yamejaa misemo ya namna hiyo. Bei itaje polepole. Mgeni wa ufukweni atauliza kwa nini haina ndovu. Shangazi ataipapasa, aigeuze nyuma akague mishono, aseme, "Mwanangu, kwa blanketi ni nzuri." Pokea yote mawili kwa adabu, ila bei usishushe kwa ajili ya ndovu.

Sasa funga hesabu. Kama umefuata hatua sawasawa, kila kasoro ina mwenyewe: uvimbe ni wa kitenge, upogo ni wa fundi, njano iliyokosekana ni ya tumbili, madoa ni ya nyekundu. Hakuna hata moja uliyoacha kwa jina lako. Lakini watakuja watazamaji, wasimame mbele ya kona moja ya chini, kushoto, na kusema hapo ndipo msanii alipothubutu. Utaitambua kona hiyo. Ni ile ambayo kuku alipita, nawe ukatazama, ukaamua usiirudishe. Ukikubali sifa ya kuamua, itakubidi ukubali na ule upogo. Kama hutaki, mpeleke kuku akapokee zawadi.