Jiwe la Mizani

Jana asubuhi, kwenye daladala ya Mbagala, mama mmoja aliuona mkono wangu wenye alama, ulioshika bomba. Akauangalia mpaka kituo cha pili, kisha akaniinamia: "Mwanangu, mkeo ndiye anayekufanya hivi?" Aliuliza kwa upole. Ila upole ule ulimfikia konda, na konda akaugawa kwa abiria wote.

Sina mke. Nina ketobeli.

Kwa asiyeijua, ni tufe la chuma lenye mpini juu, kama birika lililonyang'anywa mdomo. Wiki mbili zilizopita nilikwenda dukani kuchagua ya mashindano, maana kocha wa jimu alishasema hizi nyingine ni za kuzuilia mlango. Nikazikuta zimepangwa sakafuni, zote kimo kimoja, unene mmoja. Nikanyanyua ya pinki. Nyepesi! Nikaizungusha kidogo, kwa kuwa kulikuwa na dada pale kaunta. Nikaiendea nyekundu kwa mwendo uleule na tabasamu lileile. Nyekundu haikuondoka. Niliyeondoka ni mimi, nikabaki nimeinama kama mtu anayechungulia kisima. Na mimi ni Yanga damu. Kuangushwa na rangi nyekundu mbele za watu si jambo la kusahaulika.

Kosa langu ni kuamini macho. Ketobeli za kawaida hunenepa kadiri uzito unavyoongezeka. Za mashindano hazinenepi. Iwe kilo 8 au 32, tufe lina upana wa milimita 210 na mpini una unene wa 35; tofauti imefichwa tumboni, na rangi ndiyo inayosema kweli: pinki 8, njano 16, kijani 24, nyekundu 32. Wala si urembo. Mashindanoni mtu hunyanyua kwa dakika 10 bila kuitua chini, na kila ikipanda hupinduka juu ya ngumi na kulala kwenye kigasha. Ukubwa ungekuwa unabadilika, kila ukiongeza uzito mkono ungeanza upya kujifunza pa kuipokea. Ukubwa ukiwa mmoja, chuma kinalala palepale, leo na mwakani. Mtu aliyewaza hivyo nampa heshima yake. (Palepale pangu ndipo penye alama. Kuipokea sijajua bado, inanidondokea.)

Nikanunua ya kijani. Njano ndiyo iliyonifaa, na ni rangi yetu pia, lakini dada wa kaunta alikuwa bado anaangalia.

Nyumbani nikaitikisa, kitu kikagonga ndani kama mbaazi kwenye debe. Nikaipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akaipima: kilo 21 na nusu. Hapo sicheki. Vitu hivi vilianza Urusi vikiwa mawe ya mizani ya kupimia nafaka, na mpaka leo uzito wake unafuata pudi, kipimo chao cha kilo 16 na ushei: pudi moja, moja na nusu, mbili. Yaani hata jiwe la mizani linapunjwa! Kilo mbili na nusu nimelipia rangi. Niliporudi dukani, muuzaji akaniuliza, "Kwani kaka, hiyo 21 unaiweza?"

Kigae cha sebuleni kimepasuka. Mwenye nyumba hajakiona.

Yule wa vyuma chakavu ameshanitajia bei, kwa kilo. Nimemwambia anipe mpaka Jumamosi.