Kerezo la Kujifurahisha

Huko Marekani, sheria ya shirikisho inamwachia raia asiyezuiwa kumiliki silaha ajiundie bunduki yake nyumbani, mradi asiiunde kwa ajili ya kuiuza, ingawa majimbo mengine yameongeza masharti. Jamaa anaingia gerejini Jumamosi, anawasha kerezo, anakata chuma hadi jioni, anaita hiyo burudani. Hongera zake.

Hapa Kaloleni, Arusha, jaribu. Mashine ikinguruma tu, jirani yuko mlangoni na shafti ya mashine ya kusaga. Nyuma yake bodaboda kashika bushi iliyolika. Shemeji naye kaleta ekseli ya mkokoteni: "Kidogo tu, shemeji, ipitishe mara moja." Kufika magharibi burudani imegeuka karakana, na malipo ni "Mungu akuzidishie". Umeme wa Luku je? Hiyo ni yako, mpenda raha.

Na bunduki? Atakuja mmoja amefunga kitu kwenye kiroba, akunong'oneze habari za gobore la marehemu babu. Mkatalie kwa sauti, balozi wa nyumba kumi asikie. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina kifungu cha "afande, nilikuwa napoteza muda".

Tena Arusha hii hii ina TEMDO, taasisi ya serikali iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980, ambako watu wanabuni mashine kwa mshahara, na likizo wanapewa. Wewe unataka kufanya bure, usiku, huku mkeo akiokota chenga za chuma kwenye zulia.