Dole Gumba la Mizani

Katika kikundi cha watunzi, dole gumba likinyanyuka maana yake ni moja: mshororo umezidi. Mwanachama mpya haelezwi hilo. Jumamosi iliyopita, kwenye baraza moja mjini Chake Chake, Pemba, mwanachama wa aina hiyo, ambaye jina lake halina haja hapa, alisoma ubeti wake wa kwanza mbele ya watu wanane. Akaliona dole gumba la mzee wa kikundi limesimama wima, akadhani ni lile la kwenye simu, la kusifu. Akapandisha sauti. Akaurudia mshororo kwa madaha. Dole likasimama tena, safari hii pamoja na mwenzake wa mkono wa pili, na mtu mmoja akakohoa.

Chombo cha kupimia mizani ni mikono. Ukiyaweka kando madole gumba, vidole ni vinane. Na mshororo wa shairi la kawaida una vipande viwili, ukwapi na utao, kila kimoja mizani 8. Ama binadamu aliumbiwa shairi, ama shairi lilikatwa kwa kipimo chake. Msikilizaji huweka mikono magotini, akakunja kidole kwa kila silabi, macho yake yakiwa kwingine kabisa, kama anayemngoja mtu wa bandarini. Ukwapi ukiisha vidole vyote vimelala. Utao huviamsha kimoja kimoja. Silabi ya tisa haina kidole. Inabaki na dole gumba.

Mshororo wenyewe ulikuwa huu: *Mkarafuu wake baba, umechanua shambani*. Mtunzi alihesabu mka-ra-fu-u, nne, akaongeza wake baba, nane, akalala usingizi mnono. Kosa lilikuwa kwenye m. M ya mtu, ya mti na ya mkarafuu asili yake ni mu. Irabu ilidondoka, kiti chake hakikuondoka. Ndiyo maana mtu ni m-tu, mizani mbili, na mkazo wa sauti umeikalia hiyo m yenyewe. M ya mbuzi haina kiti. Imedandia, kwa hiyo mbu-zi. Lakini mbwa ni m-bwa, maana pasipo m hiyo neno lingebaki na silabi moja tu, na Kiswahili hakipendi kuliacha jina lisimame kwa mguu mmoja. Nchi na nta vivyo hivyo. Kwa mizani, basi, mbwa na mbuzi ni sawasawa. Mtunzi anaweza kumtoa mmoja akamtia mwingine na shairi lisivunjike, ingawa karamu itavunjika.

Sheria hizi Kaluta Amri Abedi alizitia kitabuni mwaka 1954, katika *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Zina huruma yake: inkisari hufupisha neno, mazida hulirefusha, tabdila hubadilisha sauti bila kugusa hesabu. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi* na kuonyesha kwamba mtu anaweza kuandika mashairi bila vina wala mizani. Hoja hiyo mwanachama mpya aliitoa barazani. Mzee alimjibu kwamba Kezilahabi aliacha kuhesabu kwa kutaka, si kwa kutojua. Kisha akaitoa ke kwenye wake, ikabaki wa: *Mkarafuu wa baba*. Sekunde mbili. Mshororo ulikuwa umetungwa kwa mwezi mzima.

Ikaonekana yamekwisha. Bi mkubwa mmoja, aliyekuwa amenyamaza tangu mwanzo, akauliza, "Mwanangu, karafuu ya baba'ko imechanua shambani?" Ikaitikiwa kwamba ndiyo, tena sana. "Basi baba'ko hakupata wachumaji."

Karafuu huchumwa ingali tumba lililofumba, kabla ua halijafunguka. Ikichanua mtini thamani imeshuka. Mkarafuu uliochanua, ambao mtunzi aliupamba kwa beti tano, ni picha ya hasara. Baada ya kuchumwa huja kazi ya kuchambua: watu huketi wakazitenga karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake, kabla ya kuzianika juani. Neno hilohilo hutumika kwa kazi ya fasihi, na Pemba hakuna anayelichukulia kuwa ni tamathali. Shairi humwagwa jamvini, mikono ikaingia. Ila makonyo hayatupwi. Hukamuliwa mafuta kiwandani Wawi. Makonyo ya ushairi bado hayajapata kiwanda.

Uchambuzi wa lugha ni jambo jingine, na hapo kicheko hupungua. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaisimamia. Tangu hapo mtoto wa Micheweni huingia darasani na maneno ya bibi yake akatoka nayo yamepigwa wino mwekundu. Akikua na kujiunga na kikundi, huambiwa aandike "lugha ya kueleweka". Na kikundi hichohicho hufungua kikao kwa kuwataja Kamange na Sarahani, magwiji wa Pemba wa karne ya 19 waliojibizana kwa mashairi, ambao kazi zao zilichapishwa mwaka 2011 chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla. Kipemba cha marehemu ni urithi. Cha aliye hai ni kosa la tahajia.

Mikasa mingine ni midogo. Riwaya ya sura 12 iliyoliwa na mchwa ilisifiwa kuliko zote zilizosomwa. Msimu wa karafuu kikundi hubaki na katibu peke yake. Hadithi iliyotumwa kwenye kundi la simu ilijibiwa, "Amina."

Kikao hufungwa kwa chai, na mwenye kulipa ni yule aliyenyanyuliwa dole. Jumamosi hiyo maandazi yaliletwa kwenye sinia moja. Mzee aliyahesabu kwa vidole: yalikuwa 17.