Nuru kwa Ratiba ya Choo

Wanaomcheka Werner Erhard hawaijui thamani ya nafsi. Mwaka 1971, huko San Francisco, alianzisha est, mafunzo ya kujitambua: saa 60 katika wikendi mbili, watu wamejazana kwenye ukumbi wa hoteli, wanafumba macho, wanashika kipaza sauti na kumwaga ya moyoni. Ya kibofu yalisubiri ratiba. Mkufunzi akiwatusi, wao wakikua.

Bibi zetu barazani waliyamwaga yao bure, tena na kahawa juu, na choo hakikuwa na bawabu, basi wangekuaje? Mtoto wa chekechea naye hunyoosha kidole kuomba kwenda haja, lakini maskini, hajalipa dola 250 za est. Atajitambua lini?