Mhadhara Mkuu Kuhusu Kompyuta Iliyonyamaza

Anayesimama mbele yenu si mtu wa hivi hivi. Ni Mtaalamu. Cheo hicho hakupewa na chuo chochote. Alijipa mwenyewe, kwa kura moja, bila kupingwa. Leo amekubali, kwa unyenyekevu wake unaosifika mtaani kote, kuwafundisha wasioona la kufanya kompyuta inapokata sauti ghafla. Yeye anaona vizuri kabisa, na kwa sababu hiyo haoni nani wa kumzidi sifa.

Kanuni ya kwanza: angalia skrini imeandika nini.

(Minong'ono safu ya mbele, walikoketi wenye fimbo nyeupe. Mtaalamu anaomba utulivu.)

Asilaumiwe peke yake, maana kanuni hiyo ni ya wakubwa. Windows ikianguka kabisa, huleta skrini ya buluu yenye maandishi. Windows 8 ya mwaka 2012 ikaiongezea alama ya uso wenye huzuni. Mwaka 2016 ukaja msimbo wa QR, ili mwenye kompyuta aupige picha kwa simu, akijua uko wapi. Mwaka 2025 Microsoft ikatangaza mageuzi makubwa zaidi: buluu inakuwa nyeusi! Mtaalamu anawapongeza wasioona kwa hatua hiyo ya kihistoria. Sauti ndiyo haikukumbukwa. Kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, huitegemea Windows, na Windows ikianguka huanguka nayo. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani. Mwenye macho alijua papo hapo kwamba mashine imekufa. Asiyeona alibaki kujiuliza kama ni mashine, ni spika, au ni kisoma skrini tu.

Kanuni ya pili: kompyuta isiyosema imeungua. Hapa Mtaalamu anajivunia uzoefu wa dukani kwake. Aliletewa kompyuta mpakato yenye NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, ambacho sauti yake ya eSpeak NG husoma hata Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya roboti. Kompyuta ilikuwa kimya. Mtaalamu akatoa hukumu: kadi ya sauti imekufa, na bei yake akaitaja bila kupepesa macho. Mwenye mali akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe cha NVDA pamoja na S, akarudia, kompyuta ikaanza kuropoka. Vitufe hivyo hubadilisha namna ya usemaji, na mojawapo ni kunyamaza kabisa. Mkono uliteleza tu. Mtaalamu anasisitiza kwamba hukumu yake ilikuwa sahihi kwa kompyuta nyingine.

Kompyuta mpakato nyingine ilifika skrini ikiwa nyeusi tii, ikisema vizuri. Bisibisi ilikuwa imeshashikwa. Kumbe mwenyewe aliwasha pazia la skrini, kinga inayotia giza ili jirani kwenye daladala asichungulie barua zake. Tena lipo kwenye NVDA, na simu za iPhone nazo zina lao. Skrini mpya ilikuwa imekwisha kuagizwa.

Na kuna wanaotumia JAWS, kisoma skrini cha kulipia, bila leseni. Hiyo husema kwa dakika 40, kisha huaga mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Mtaalamu aliwahi kuita jambo hilo virusi.

Sasa wale wa safu ya mbele wanadai kwamba wao huanza na masikio. Wakikuta kimya, hubonyeza Control, Alt na N ili NVDA ianze upya. Ikikataa, huita Narrator kwa kitufe cha Windows, Control na Enter. Huyo amekuja na Windows yenyewe, hahitaji kusakinishwa. Bado kimya? Walioruhusu milio ya vitufe hugonga Caps Lock: ikilia, mfumo uko hai na spika ni nzima, hivyo kilichokufa ni kisoma skrini peke yake. Wengine hukuta sauti ilihamia kwenye TV kupitia waya wa HDMI, au kwenye spika ya Bluetooth iliyoachwa chumba cha pili. Kuna hata wanaotembea na NVDA kwenye flashi, tayari kufanya kazi kwenye kompyuta ya kuazima. Skrini ya buluu ikija kweli, wanafungua Be My Eyes, programu ya Wadenmaki iliyoanza mwaka 2015, na mtu wa kujitolea anawasomea maandishi kupitia kamera ya simu. Nazo kompyuta nyingi za mezani za zamani zina mlio wakati wa kuwashwa: mmoja mfupi ni salama, milio mingi ni hitilafu, kila mtengenezaji na hesabu yake. Kabla Windows haijaamka hakuna kisoma skrini, ila mlio upo.

Mtaalamu ameyasikia hayo yote na anatangaza kwamba aliyajua tangu zamani. Kwa hiyo anatoa agizo kwa mafundi wote walio chini yake, ambao hadi sasa ni mpwa wake mmoja: kabla ya kushika bisibisi, muulize mwenye kompyuta amesikia nini mara ya mwisho, na alibonyeza nini kabla ya kimya.